Tenti ya ganda gumu ya juu ya gari kwa bei ya kawaida: namna ya kuichagua ukiwa huku kwetu Kigoma na Tabora

Kabla hujamtumia mtu hela ya tenti, toka nje kwanza ukaangalie bati la gari yako. Naanzia hapo makusudi, maana karibu kila anayeniuliza anaanza na bei. Ameona picha ya tenti nyeusi ya aluminiamu, imefunguka juu ya gari kando ya ziwa, jamaa amekaa mlangoni anakunywa chai, basi keshapiga hesabu ya akiba yake yote, halafu ukimuuliza gari gani itaibeba anakwambia Noah, na juu haina hata reli. Hapo tenti haina kosa, maswali tu ndiyo yameanzia mwisho.

Mimi kazi yangu ni kununua asali. Nyumbani ni Mwanga, Kigoma mjini, lakini mwezi wa tano asali ikianza kutoka huwa sikai, naenda Kasulu, Kibondo, narudi Uvinza, navuka Malagarasi naingia Kaliua, Urambo, mpaka Sikonge huko kwa warina asali ambao kambi zao ziko ndani kabisa ya miombo. Gesti ya karibu inaweza kuwa mwendo wa saa tatu. Nimelala kwenye siti za gari miaka mpaka mgongo ukakataa, nikahamia tenti ya kawaida ya chini, usiku mmoja siafu wakapita na njia yao ikawa katikati ya shuka langu, ndo nikaamua kupanda juu. Huu ni msimu wa nne nalala juu ya Prado na nimeshamiliki tenti mbili za ganda gumu, zote za bei ya chini, kwa hiyo haya nitakayosema nimeyalalia.

Na nililojifunza ni hili: tenti ya bei nafuu mara nyingi haifi ganda. Ganda litakuwa zima kabisa, linang'aa, lakini zipu imekufa, neti imechanika kwenye kona, shokapu za gesi haziinui tena, na mpira wa pembeni umesinyaa vumbi linaingia kama unga. Hivyo vitu vinne ndivyo vinaua tenti. Sasa unapochagua, jiulize hivi, kimoja kikifa nikiwa Sikonge au Kasulu, kuna fundi wa hapa anayeweza kukirudisha? Kama jibu ni ndiyo, hata ya bei ndogo itakutunza miaka. Kama jibu ni hapana, hata ya bei kubwa ni tatizo.

Turudi kwenye bati. Kila gari ina uzito ambao kiwanda kimeruhusu juu ikiwa inatembea. Gari ndogo na hizi SUV za kati nyingi ziko kati ya kilo 50 na 100, na hapo keria yenyewe imo ndani ya hesabu, sio tenti peke yake. Namba iko kwenye kitabu cha gari. Najua gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu kama kipo basi ni cha Kijapani, lakini vitabu vya Kiingereza vya modeli nyingi vipo mtandaoni, tafuta modeli ileile na mwaka uleule, usichukue namba ya gari inayofanana tu. Tenti za ganda gumu nazo nyingi zina kilo 55 mpaka 90. Unaona nafasi ilivyo ndogo.

Keria ndo inawaangusha wengi. Yangu ya kwanza nilichomelewa hapahapa mjini, bomba la chuma, imara haswa, nikaipenda. Siku moja nikaiteremsha nikaipeleka kwa jamaa anayenunua mahindi tukaiweka kwenye mzani wake wa magunia, mshale ukasimama kilo 41. Tenti niliyokuwa nimeshaichagua ilikuwa kilo 62. Jumla 103, kabla ya ngazi, kabla ya vishikizo, na hiyo ilikuwa imepita mbali kile kitabu changu kinachoruhusu. Nikaiuza ile keria, nikatafuta bomba mbili za aluminiamu za kukatiza juu ya bati na miguu yake, zote pamoja kilo 11. Yaani kilo 30 nilizipata bila kugusa tenti. Kwa hiyo pima. Mizani ipo kila soko, jamaa wa mahindi au wa dagaa hatakukatalia dakika mbili.

Kuna watu wanaogopa wakisikia kilo 80, wanasema sasa mimi na mke wangu tukipanda si bati litabonyea? Hapana, gari ikiwa imesimama hesabu ni nyingine. Ikiwa inatembea, kila shimo na kila breki na kila kona inazidisha uzito ule mara kadhaa, ndo maana namba ya kutembea inawekwa ndogo. Ikisimama hakuna kinachoruka, na bati linaweza kubeba mara tatu au zaidi ya pale, ila keria na miguu yake nayo iwe inaruhusu. Watu wazima wawili na mtoto ni sawa kwenye gari nyingi zenye reli nzuri. Noah na gari nyingine za bati jembamba zisizo na reli wala mfereji wa pembeni, mimi ningeziacha. Mwenye pikapu ana bahati, anaweza kufunga fremu kwenye bodi ya nyuma, tenti ikakaa chini usawa wa kabini na bati lisiguswe kabisa, na gari inatulia zaidi kwenye kona.

Haya, aina. Kuna ambayo inafunguka upande mmoja tu, bawaba mbele na mdomo nyuma, kama kiboko anavyopiga mwayo. Na kuna ambayo inainuka pande zote nne sawasawa kama meza. Ya mdomo wa kiboko ina vyuma vichache, kwa hiyo kwenye bei ya chini ndo salama zaidi, kitu cha kuharibika ni kidogo, na ukiielekeza ule upande wa bawaba kwenye upepo inatulia. Hili la upepo ni muhimu kwa tunaolala kando ya Tanganyika kiangazi, usiku kusi ikianza kuvuma tenti ya kukaa wima inapigwa kofi mpaka asubuhi. Ubaya wake ni kwamba miguuni ni chini sana, mkikaa wawili kuzungumza lazima wote mkae upande wa mdomo. Ya kuinuka pande nne ina nafasi nzuri, unakaa popote, ila mikono yake ya kuinulia ni mingi na kwenye zile za bei rahisi mmoja ukipinda kidogo tenti nzima inafunga kombo. Kuna ya tatu inayojifungua kama kitabu ikawa kubwa mara mbili, hiyo ni nzito na bei yake si ya mada hii.

Ganda lenyewe ni plastiki ya ABS, faibaglasi au aluminiamu. Sisi tuko digrii 5 hivi kusini ya ikweta, jua letu halina huruma, na ABS isiyo na tabaka la juu la kuzuia jua inapauka, inakuwa kavu, halafu siku tawi la mwembe likiigusa inapasuka. Muulize muuzaji kama ABS yake imefunikwa na ASA, hilo ndo tabaka lenyewe, akibabaika achana nayo. Faibaglasi ni nzito kidogo lakini nzuri kwetu kwa sababu ikipasuka fundi bodi yeyote mwenye resini na mati anaiziba. Aluminiamu ni nyembamba, ikifungwa inalala chini, na nyingi unaweza kufunga vitu juu yake, ila inapitisha joto na baridi upesi, mchana inachoma na alfajiri ndani inatoa jasho. Chukua ya rangi ya kijivu au mchanga kama ipo. Na sio kwa ajili ya joto tu.

Mbung'o. Wengine mnawaita ndorobo. Aliyepita mapori ya Ugalla au njia ya kwenda Katavi anajua ninachosema. Hawa wadudu wanavutwa sana na bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Tenti yangu ya kwanza kitambaa kilikuwa bluu ya bahari, maridadi, na mchana nikiifungua kupumzika wanakuja wanatua juu yake wamejipanga. Warina asali waliniambia siku ya kwanza tu, mzee mmoja pale kambini nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akainua kidole kwenye tenti akasema mwanangu hiyo rangi umeiletea wageni. Ya pili nikachukua rangi ya mchanga na tofauti niliiona. Gari za watalii zinauzwa na tenti nyeusi kwa sababu nyeusi inapendeza kwenye picha, sisi tunaolala miombo tuchague kwa akili nyingine.

Kitambaa sasa, na hapa usiwe na haraka. Kuna poliesta yenye tabaka la kuzuia maji na kuna turubai la pamba iliyochanganywa na poliesta. Poliesta ni nyepesi na rahisi na inakauka haraka, lakini haipumui, mvuke wa watu wawili usiku mzima unagota juu unadondoka, asubuhi unaamka shuka limelowa na mvua haikunyesha. Turubai la pamba linapumua, linatulia kwenye upepo, linachukua gramu 280 hivi kwa mita ya mraba, na mashine yoyote ya cherehani ya mafundi wa viti vya gari inalishona. Ningekuwa na hela ya kuongeza sehemu moja tu ya tenti ningeiongeza hapa. Kama ni poliesta, angalia namba ya kuzuia maji, inaandikwa kwa milimita, isiwe chini ya 2,000, mvua zetu za mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu hazinyeshi, zinamwaga. Turubai jipya likija, lifungue nje, limwagie maji lote, liache likauke, rudia mara mbili, nyuzi zinavimba zinaziba yale matundu ya sindano. Asiyejua hili mvua ya kwanza inamtoneshea kwenye mishono anadhani ameuziwa mbovu.

Neti. Mikoa yetu hii miwili iko miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo neti ya tenti mimi naihesabu kama dawa, sio urembo. Chandarua cha kawaida kina matundu kama 156 kwa inchi moja ya mraba, neti ya tenti iwe na matundu madogo angalau hivyo, na iwepo kwenye kila dirisha na mlango, tena iwe na zipu yake peke yake, mbali na zipu ya kitambaa. Tenti za bei ya chini sana utakuta mlango mmoja neti na kitambaa vimeunganishwa, ukitaka hewa unafungua na mbu. Angalia kona za chini ambapo zipu mbili zinakutana, pale huwa panabaki tundu la kidole. Ingiza kidole chako. Kikipita, mbu anapita, na fundi cherehani wa Mwanga kwa hela ya soda mbili anakushonea kipande cha kufunika pale, nimefanya hivyo kwenye tenti zote mbili.

Zipu yenyewe iwe nene, namba 8 au 10, meno ya plastiki. Namba 5 ni ya begi la shule. Adui wa zipu ni vumbi, na kwa vipande vya barabara ya vumbi vya njia ya Uvinza kwenda Mpanda au njia za ndani Sikonge huwezi kulikwepa, kwa hiyo beba mswaki wa zamani na kipande cha mshumaa. Jioni kabla ya kufungua sugua meno kwa mswaki, halafu pitisha mshumaa juu yake. Usipake mafuta, mafuta yanakamata mchanga na kesho yake umetengeneza msasa.

Shokapu za gesi ni zile kama za mlango wa nyuma wa gari, ndo zinainua ganda. Hizi hufa, hilo halina mjadala, swali ni lini. Zangu zilikufa msimu wa pili nikiwa njiani kurudi, nikawa nalala nimeegemeza ganda kwa mti kama mtu anayetega panya. Nilipofika nikaenda gereji Gungu, fundi akazitoa, akaifuta moja kwa kitambaa akanionyesha maandishi ubavuni, 700N.

Akaniambia, "Bosi, hii namba ndo roho yake. Ukinunua kwa urefu peke yake utakuja kulia."

Nikamuuliza, "Si za Noah zinafanana, fundi?"

"Urefu ndiyo, nguvu hapana. Ikizidi itapindisha bawaba zako, ikipungua usiku ganda linawashukia."

Akapima kwa futi kamba urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imefungwa, akaangalia vichwa vyake ni vya aina gani, akaandika kwenye kipande cha boksi, na siku ya tatu tukapata jozi iliyolingana kwa wauza vipuri vya mtumba. Wakati wa kufunga akanionyesha kitu ambacho sikuwa nakijua, ile fimbo nyembamba ya shokapu ielekee chini tenti ikiwa imefungwa, ili mafuta ya ndani yakae kwenye sili na isikauke. Kwa hiyo kabla ya kununua tenti omba picha ya maandishi ya shokapu na vipimo vyake. Kama shokapu imeshikwa na vichwa vya kawaida vya kubonyeza, vizuri. Kama imechomelewa au ni ya umbo la pekee, usinunue. Na kumbuka gesi ikipata joto inasukuma zaidi, mchana wa mwezi wa kumi Tabora ukifungua kufuli simama pembeni, usiweke uso mbele, ganda linaruka.

Mpira wa pembeni unapimwa kwa noti. Funga tenti juu ya noti ya elfu moja, nusu ndani nusu nje, vuta. Ikitoka kwa ugumu mpira umekaza, ikiteleza hapo vumbi litapita. Zunguka pande zote, hasa kwenye kona na karibu na bawaba. Kwa uzoefu wangu tenti ya bei ya chini lazima utakuta sehemu mbili tatu zinateleza, sio mwisho wa dunia, mpira wa milango ya gari unauzwa kwa mita na unabandikwa, ila ujue mapema umbishie muuzaji bei.

Ukubwa nitapita haraka. Wanaposema ya watu wawili wanamaanisha upana wa sentimita 125 au 130, yaani kitanda chetu cha nne kwa sita kimeongezwa kidogo. Mkiwa wawili na mtoto mdogo tafuta 140 kwenda juu. Urefu wa ndani 210 unatosha karibu kila mtu. Godoro linalokuja nalo huwa sentimita tano, jembamba na laini, nyonga inagusa sakafu, bora ukanunue sponji ngumu dukani ukate kwa kipimo, lakini kabla hujakata hakikisha ganda linafunga likiwa ndani pamoja na shuka. Sakafu ibonyeze kwa kiganja, plaiwudi ikilowa inavimba, ya aluminiamu yenye matundu ya nyuki ndani yake ni nyepesi na haiozi. Jina hilo la matundu ya nyuki lilinifurahisha mimi kuliko wengine.

Ngazi ipande kwa miguu yako kabla ya kulipa. Zile za kuvuta kama bomba ndani ya bomba kila daraja lina kibonyezo chake, sikiliza kila kimoja kilie. Gari ndefu kama Hardtop zinahitaji ngazi ya mita 2.3 hivi, ikiwa fupi inasimama wima na kushuka usiku ukiwa na usingizi ni hatari. Beba kipande cha mbao cha kuweka chini yake, kwenye tope la masika inazama.

Sasa kununua. Hizi tenti sio mpya duniani, kule Italia tenti iitwayo Maggiolina ipo tangu 1958, na za Alu-Cab kutoka Afrika Kusini utaziona juu ya gari za wageni wanaopita kuelekea Katavi. Ni nzuri, ila za majina makubwa kwa bei ya Marekani zinavuka dola 3,000, wakati za bei nafuu kulekule ziko kama dola 1,000 mpaka 1,500, na nyingi ya hizo za bei nafuu zimetengenezwa China. Ukiagiza mwenyewe kutoka China bei ya kiwandani itakuwa chini zaidi na utafurahi, lakini hesabu haiishii hapo. Mzigo wa meli unalipiwa kwa ujazo. Boksi la mita 2.2 kwa 1.35 kwa 0.3 ni kama 0.89 ya CBM, yaani mita ya ujazo, karibu CBM nzima, halafu kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, wakala, na usafiri wa Dar mpaka Kigoma kwa lori au behewa. Mwambie wakala akupigie hesabu yote mpaka mlangoni kwako kabla hujalipa kiwanda. Tenti nyembamba ikifungwa inakuokoa hapa kuliko unavyodhani, sentimita kumi za kimo ni CBM 0.3.

Na ndani ya boksi hilohilo omba vipuri. Jozi moja ya shokapu, kufuli mbili za ganda, vichwa vya zipu sita, mita mbili za mpira, pini za ngazi. Kiwandani ni hela ndogo sana, na ujazo hauongezeki. Mimi tenti ya kwanza sikuomba, ya pili niliomba, na hiyo ndo tofauti kubwa kati ya tenti hizi mbili kuliko kitu kingine chochote.

Omba pia wafunge kwa fremu ya mbao. Ile ya kwanza ilikuja na boksi la karatasi tu, nilifika kuichukua jua linazama, mwenye stoo anataka kufunga, nikasaini nikaipakia. Nyumbani nafungua nakuta kona moja imepasuka urefu wa kiganja. Niliporudi kudai wakaniambia umesaini mzigo mzima, na kwa kweli nilikuwa nimesaini. Iliniuma sana maana ilikuwa hela ya msimu mzima. Fungua pale pale, hata kama wamekasirika, hata kama ni usiku, piga picha kona zote nne, ndo usaini.

Ya mtumba nayo ni njia nzuri, kampuni za kukodisha gari kule Arusha hubadilisha tenti zao, na kuna wageni wanaomaliza safari wanauza. Hii nenda usiku. Ingia ndani, funga kila kitu, mtu apite nje na tochi kali akimulika kitambaa taratibu, kila tundu litaonekana kama nyota. Nusa godoro na pembe za chini, ukungu ukishaingia kwenye turubai hautoki. Nyanyua ganda likiwa wazi lisukume kushoto na kulia, likicheza sana bawaba zimeisha.

Kuifunga juu ya gari mnahitaji watu wanne, sio wawili. Bolti nyingi ni M8, spana namba 13. Tumia nati zenye plastiki ndani, na ukishatembea kilomita 50 za barabara mbaya simama uzikaze tena, halafu kila asubuhi ya safari zishike kwa mkono. Andika urefu mpya wa gari kwa kalamu kwenye dashibodi, matawi ya miembe ya Tabora mjini yako chini kuliko unavyokumbuka. Asali usilale nayo juu wala nguo ulizorinia, nyuki wanafuata na siafu wanafuata. Na kama mpango wako ni Gombe, jua kwamba kule hakuna gari, unapanda boti Kibirizi na tenti yako inabaki nchi kavu, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya Gombe. Inunue kwa ajili ya Katavi, Ugalla, ufukwe wa ziwa, na njia ndefu ya kutoka hapa mpaka Dar.

Ikishakaa juu usiende nayo porini moja kwa moja. Lala nayo uani kwako usiku mmoja. Jioni simamisha gari pasipoinama, weka jiwe chini ya tairi kama lazima, fungua, mwambie kijana amwagie maji ya bomba dakika ishirini juu na pembeni wewe ukiwa ndani na tochi, angalia mishono na kona za madirisha. Halafu lala kweli, wote mtakaokuwa mnalala, madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi kidogo neti zimefungwa. Asubuhi nyanyua godoro uguse sakafu chini yake. Ikiwa kavu, funga twende. Ikiwa imelowa, tafuta mkeka wa plastiki wenye matundu au hata mkeka wa ukili wa kuweka chini ya godoro hewa ipite, na usiku wa pili fungua madirisha zaidi, kisha gusa tena.